Mkalimani Aliyetaka Soda

Kicheko cha dada yangu Nafula hakina adabu. Hutoka kifuani moja kwa moja, bila kupunguzwa popote njiani, kwa sababu mwenyewe hajawahi kukisikia. Jumapili moja mwaka huu kilitulipukia sebuleni kwake Kitale, wakati sisi wengine wote tulikuwa tunalia.

Tulikuwa tunatazama tamthilia ya Kikorea. Binti yake Wanjiru, ambaye hakosi tamthilia hizo kama wengine wasivyokosa kanisa, alikuwa ametuahidi kwamba hii inamhusu mwanamke kiziwi. Kijana tajiri alikuwa amejifunza lugha ya ishara kwa usiku mmoja, akasimama kwenye mvua, akamwambia huyo mwanamke kwa mikono kwamba anataka kumwoa. Shemeji yangu Mwangi alikuwa anapangusa macho kwa kitambaa cha kochi, na mama yake kwa leso. Wanjiru alikuwa anatusomea kwenye simu maoni ya watazamaji wa dunia nzima: mmoja amelia mpaka mto umelowa, mwingine anauliza kwa nini hawakumtafuta mwigizaji ambaye ni kiziwi kweli, wa tatu ameapa kuanza kujifunza ishara kesho asubuhi.

"Mum, kwani unacheka nini?" Wanjiru aliuliza, kwa mdomo na mikono pamoja.

Nafula alieleza. Ishara za Wakorea hazijui, lakini mtu aliyejifunza jana anamjua popote alipo: yule kijana alikuwa anasogeza mikono kama mtu anayeanika soksi. Tena mwanamke alipoanza kujibu, kamera ilimwacha, ikaenda kutuonyesha machozi ya kijana, na mikono ya mwanamke ikabaki nje ya picha.

"Nyinyi mnalia," alimaliza, "na mimi bado nangoja jibu."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametambua kwamba jibu halikuonekana. Kisha Nafula alimnyooshea kidole msichana mdogo kwenye skrini, yule aliyekuwa akimtafsiria dada yake kwa uaminifu wa malaika, akaninyooshea na mimi, akacheka upya. Mwangi naye akaanza. Afadhali niwaeleze sababu mimi mwenyewe, kabla hamjaisikia kutoka kwa Mwangi, ambaye huongeza chumvi.

Tulikulia karibu na Mabanga, nje kidogo ya Bungoma. Nafula alisoma shule ya bweni ya viziwi, akarudi nyumbani na cherehani na lugha ambayo hakuna aliyejisumbua kujifunza isipokuwa mimi. Msinisifu. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, na hatukuwa na njia nyingine ya kusengenya majirani. Nilipofika miaka tisa nilikuwa mkalimani rasmi wa familia, na nilijiona mtu muhimu kuliko naibu wa chifu.

Mwangi alikuwa fundi wa baiskeli, kijana wa familia zilizotoka upande wa Kati zikahamia Kitale, Trans-Nzoia, kabla sijazaliwa. Alikuwa na shangazi Bungoma, na kila alipomtembelea alileta suruali ishonwe. Suruali ya tatu, Nafula aliniambia, ilikuwa imepasuliwa kwa wembe. Hawakuwa wamezungumza hata mara moja. Mwangi alidhani haiwezekani. Kwa hiyo akafanya lile alilodhani linawezekana: akatuma wazee.

Walifika Jumamosi, watu wanane na makoti yao, pamoja na mikate, sukari, na kreti mbili za soda. Soda, kwetu, ilikuwa kitu cha Krismasi. Ziliwekwa katikati ya sebule, za machungwa upande wangu, nami sikuona tena kitu kingine chumbani.

Desturi ilikuwa hivi: vitu vya wageni wa aina hiyo haviguswi mpaka msichana aulizwe mbele ya watu wote. Baada ya maombi na hotuba zisizo na mwisho, baba alikohoa.

"Nafula, unawajua hawa watu? Tufungue soda zao, ama tuwaambie warudi nazo?"

Nilitafsiri. Nafula alimtazama Mwangi, aliyekuwa amejificha nyuma ya wajomba zake. Alimnyooshea kidole, akajigusa kifua, kisha akasema kwa mikono, polepole: "Huyu hajaniuliza chochote. Aniulize mwenyewe kwanza."

Nilielewa kila neno. Lakini lilikuwa jibu refu, na joto lilikuwa linazidi kuharibu soda. Tena akienda, kitanda kingebaki changu. Nikameza mate.

"Amesema ndiyo. Fungueni."

Akina mama walipiga vigelegele. Mjomba wetu alianza kufungua chupa kwa meno, sifa yake kubwa duniani, na nikapata ya machungwa kabla ya wazee.

Nafula aliona vigelegele midomoni. Aliona chupa. Akaniona mimi na povu puani.

Hakupiga kelele. Aliinama akaanza kuokota vifuniko sakafuni, vyote vikiwa vimepindwa na meno ya mjomba, akavirudisha juu ya chupa kimoja kimoja, akivigonga kwa kiganja. Alimnyang'anya mchungaji chupa yake. Alimnyang'anya baba. Mikono yake, iliyoshikilia chupa, haikuweza kusema lolote, na bado hakuna aliyenigeukia kuuliza maana.

"Ati sasa ni nini, bana?" mjomba mmoja wa Mwangi alinong'ona. "Si wamesema amekubali?"

Alipomfikia Mwangi, yeye tayari alikuwa amefunika yake mwenyewe. Alimkabidhi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaenda kuwaambia wazee wake wainuke. Kreti zilirudi Kitale. Mimi nilibanwa nikalitoa jibu lake la kweli, nikachapwa, na mama alinikumbusha kosa hilo kila Krismasi.

Mwangi alirudi baada ya miezi mingi, peke yake, bila mzee wala mkate. Alikuwa amejifunza kwa mwalimu mmoja huko Kitale, na mikono yake, nakubali, ilikuwa inaanika soksi. Aliuliza mwenyewe. Nafula alimrekebisha, akamfanya aulize tena.

Kwa miaka mingi nilijitetea kimoyomoyo kwamba, kwa hesabu ya mwisho, sikukosea sana. Jumapili ile, kicheko kilipotulia, nilimwambia hivyo hatimaye.

"Lakini mwishowe si ulikubali? Mimi nilitangulia tu."

Alinitazama jinsi anavyotazama pindo lililoshonwa kombo.

"Nilikubali mimi," alisema.

Mama mkwe wake, ambaye hadi leo hajui ishara, aliniuliza amesemaje. Nikamwambia, maneno mawili yote.