Tanasi Anakuja Wakati wa Kukamua

Hafia, jirani yangu, huongea na mawazo yake kama anavyoongea na kuku waliovamia jikoni. Utamkuta anasokota sufu, mara anasimama, anatazama pembeni: "Umekuja tena? Haya, kaa, lakini mimi nina kazi." Kisha anaendelea kusokota. Wageni hudhani ana wazimu. Mimi huwakatiza, maana najua alikojifunzia.

Ni mwanamke wa mikono mikubwa na sauti kubwa zaidi. Mablanketi anayofuma hayapitishi mvua, na akigombana na mtu, bonde la pili wanajua kosa ni la nani. Mumewe, Tanasi, alikuwa akiteremsha magogo mtoni. Wanaume husimama juu ya miti iliyofungwa pamoja, bwawa la juu linafunguliwa, mto Cheremosh unawabeba mpaka mjini. Mwaka ule theluji ilipoyeyuka, magogo yalifika bila yeye. Tulimpata chini ya daraja, tukamzika.

Kiangazi chote Hafia alifanya kazi kama punda, tukasema amejaliwa moyo mgumu. Majani yalipoanza kuanguka, akakonda. Akaacha kuja kusokota sufu na wanawake wenzake. Tukipiga soga kwenye ua, alikuwa akigeuza shingo ghafla kuelekea mtoni, kama mtu aliyeitwa.

Asubuhi moja nilimwendea kuomba chumvi. Umande ulikuwa umeganda, nyasi nyeupe kila mahali. Nilipokaribia zizi nikamsikia anazungumza, ananyamaza, anazungumza tena. Ng'ombe alikuwa amesimama wima, masikio yote mawili yameelekea mlangoni, na maziwa ameyazuia. Kwenye gogo la mlangoni palikuwa na kikombe cha maziwa, na ubao wa chini yake ulikuwa umelowa. Nikatazama ua mzima. Juu ya ule umande hapakuwa na nyayo za mtu isipokuwa zangu na za Hafia.

"Unaongea na nani, wewe?"

"Na Tanasi," akasema, kama anayesema mvua inanyesha. "Anakuja wakati wa kukamua."

"Tanasi yuko makaburini, mwenzangu."

"Amelowa, Paraska. Maji yanamchuruzika. Anataka nimsindikize. Mwanzoni tulikuwa tunaishia kwenye ua. Siku hizi tunafika kwenye misonobari. Jana niliona daraja."

Nikakaa chini, hapo hapo kwenye mavi ya ng'ombe.

Dawa ya jambo hili kwetu kila mtoto anaijua, tena hucheka akiitaja. Mjane hukaa kizingitini, anafungua nywele, anachana, anatafuna mbegu za bangi. Usicheke na wewe; kwetu bangi ni ya kufumia mashati na kukamulia mafuta. Marehemu akija atauliza unakula nini. Unamjibu: chawa. Atashangaa: kwani watu wanakula chawa? Nawe unamuuliza: kwani wafu wanarudi nyumbani? Kisha unamwambia asirudi tena. Basi.

"Fanya hivyo kesho," nikamwambia. "Mbegu ninazo."

"Siwezi."

"Unaona aibu? Hata bibi yangu alifanya, na yule alikuwa na maringo kuliko mke wa kasisi."

"Siwezi kumwambia asirudi." Akafuta mikono yake kwenye aproni, japo haikuwa na kitu. "Asubuhi ile tuligombana. Alimpa kaka yake beberu wetu bila kuniuliza. Nikamtupia shoka lake nje, nikamwambia, nenda, na usirudi! Maisha yake yote hakunitii hata mara moja, Paraska. Siku ile akanitii."

Nilimwambia kila kitu ambacho mtu angesema. Kwamba mto ndio uliomuua, si ulimi wake. Kwamba ulimi wa mke ungekuwa unaua, kijiji hiki kisingekuwa na mwanamume hata mmoja, na wangu angetangulia. Kidogo acheke. Lakini macho yake yalibaki kule kule mlangoni. Wazo la namna ile halitoki kwa kuambiwa ni la uongo. Linakusikiliza kwa adabu, ukimaliza, linaendelea.

"Kesho nitakuwa nyuma yako," nikasema. "Useme usiseme, nitakuwepo."

Kesho yake nikaenda kabla ng'ombe hajaamka. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni ukaziba hata ua. Hafia akakaa kizingitini, nywele zimemfunika mabega, kitana mkononi, mbegu kwenye paja. Mimi nilipiga magoti ndani, nikamshika mkanda wake kwa nyuma kwa mikono yote miwili.

Kengele ya ng'ombe ikanyamaza. Harufu ya magogo mabichi ikaingia, ile iliyokuwa ikitangulia nguo za Tanasi kila alipotoka kazini. Sauti yake sikuisikia. Nilisikia majibu tu, na kati ya jibu na jibu, kimya kilichodumu kiasi cha mtu kusema neno.

"Nachana nywele," akasema Hafia.

Kimya.

"Nakula chawa."

Kimya.

"Kwani wafu nao wanarudi kunywa maziwa?"

Kimya kikawa kirefu. Mara Hafia akashusha pumzi kwa kishindo. "Amecheka," akaninong'oneza. "Paraska, amecheka kicheko chake kile." Na akainuka.

Mimi si mwepesi, lakini alinikokota juu ya kizingiti kama ndama. Magoti yakachubuka. Akapiga hatua kwenye ule ukungu, na mimi nikiwa nimening'inia kwenye mkanda.

"Mwambie!" nikapiga kelele. "Mwambie, wewe mwanamke mpumbavu, utatufikisha sote mtoni!"

Akasimama.

"Nilikuwa na hasira," akamwambia aliye mbele yake. "Nilidhani utarudi jioni. Nilikupikia ugali na jibini unayoipenda, nikasema akila tutapatana. Hasira ile haikuwa hata na uzito, Tanasi. Ilikuwa ya beberu tu."

Kimya.

Kisha akalisema lile neno. Hakupiga kelele. Alilisema taratibu, kama unavyomwambia mtu wako afunge vifungo vya koti, nje baridi.

"Usirudi."

Mkanda ukalegea mikononi mwangu. Harufu ya magogo ikakatika. Ng'ombe akashusha pumzi, kengele ikalia, na mahali palipokuwa mbele yetu pakawa ua tu, wenye nyasi na ndoo iliyopinduka.

Hafia akaanguka kwa magoti, akapiga yowe. Siku ya mazishi alikuwa ameshinda akipanga vijiko na kukaribisha watu, hakutoa hata chozi. Sasa aliomboleza kwa sauti yote, anamtaja mumewe, mikono yake, viatu vyake, uchoyo wake wa tumbaku. Milango ikafunguka kwenye nyumba za chini yetu. Wanawake wakaja mbio na unga mikononi, mmoja pekupeku.

"Nani amekufa?" wakauliza. "Hafia, nani amekufa?"

"Mume wangu," akasema. "Tanasi wangu amekufa."

Wote walikuwa mazishini mwake. Wote walikula pale. Lakini hakuna aliyemwambia, "Tunajua." Walikaa chini kwenye nyasi zenye baridi, wakavuta vilemba vyao usoni, wakaanza kulia naye.