Kustaafu Kazi Ambayo Sikuajiriwa

Siku yangu ya kwanza chuoni niliripoti nikiwa na suti ya mahafali, ile ile niliyoivaa chini ya joho wiki chache kabla, nilipotunukiwa shahada ya uzamivu. Dodoma ilikuwa inapanuka, majengo ya chuo yananuka rangi mbichi, na wanafunzi walikuwa wengi kuliko viti. Mkuu wa idara, profesa mpole aliyeongea huku akitafuta miwani yake, alinikabidhi boksi la chaki na kozi tatu. Nikamuuliza ofisi yangu iko wapi.

"Jibanze hapo kwa katibu muhtasi kwa sasa, Daktari," alisema. "Unaanza kama mhadhiri wa muda. Kibali kinakuja."

Niwaeleze vijana mnaodhani joho linafungua milango. Mhadhiri wa muda hufundisha kwa barua ya semista moja. Anatunga mitihani, anasahihisha, anasimamia tafiti za wanafunzi, akishakabidhi matokeo anaandika madai yake na kusubiri. Hana mshahara, hana bima, hana likizo, na semista ikiisha barua nayo imekufa. Kibali ni ruhusa ya serikali kwa chuo kuajiri mtu wa kudumu, mwenye mshahara wa kila mwezi na pensheni uzeeni. Hicho ndicho nilichokitaka, na nilikitaka haraka, kwa sababu ajira ya kudumu haikumpokea mtu aliyevuka miaka arobaini na mitano, na mimi arobaini nilikuwa nimeshaiacha nyuma.

Fani yangu ni udongo. Tasnifu yangu ilihusu makorongo ya Kondoa, ambayo niliyapima kwa miguu, kiangazi na masika. Darasani sikupenda maneno mengi. Niliwapeleka wanafunzi korongoni, nikawaambia walowanishe udongo kiganjani na kuusukuma utoke kama utepe kati ya kidole gumba na cha shahada. Utepe ukikatika mapema, mchanga ni mwingi. Ukirefuka, mfinyanzi ni mwingi. Walikuwepo waliofika na viatu vyeupe wakiogopa kuchafuka, na saa sita mchana unawakuta wamepiga magoti wanabishana. Niliipenda kazi ile, na nadhani wakubwa walilijua hilo mapema kuliko nilivyolijua mimi.

Nyumbani Nzuguni tuliishi kwa kazi ya mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba ilijengwa kwa mkopo wake, kwa kuwa benki haikujua ifanye nini na mtu mwenye cheo kirefu asiye na hati ya mshahara. Nikiugua nilitibiwa kwa bima yake, kama mtegemezi, mimi na watoto. Kwenye vikao vya harusi ndugu walinipangia mchango wa Daktari, na mke wangu akaulipa kimya kimya. Siku moja tu alinisema.

"Baba Rehema, hicho kibali kinakuja kwa miguu?"

Kilikuja, nikiwa nimebakiza miezi michache kufikia ukomo. Profesa aliniita mwenyewe, akanipa mkono, akanituma kwa afisa utumishi. Huyo alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya upole, na mpaka leo sijawahi kukasirishwa na sauti ya upole kiasi kile. Alipekua vyeti vyangu, akarudi mpaka kile cha chini kabisa.

"Daktari, muundo wa utumishi unataka wastani wa tatu nukta nane kwenye shahada ya kwanza. Wewe una tatu nukta tatu."

"Hiyo ni ya ujana wangu. Baada yake nina ya uzamili, na nina ya uzamivu."

"Ya uzamivu haina alama, mzee wangu. Mfumo hauna pa kuiingiza."

"Lakini kozi hizo nazifundisha mimi. Hao mnaowataka wenye tatu nukta nane, alama hizo nawapa mimi."

"Naelewa," alisema, akanirudishia bahasha. "Kwa muda unaruhusiwa kuendelea."

Nafasi ile ilikaa wazi. Aliyetakiwa hakupatikana, kibali kikaisha muda wake, na mimi nikafundisha kozi zile zile semista iliyofuata. Nikavuka arobaini na mitano. Nilikata rufaa, nikapigwa danadana kutoka ofisi hii hadi ile, kila mmoja akinipa pole na kunielekeza kwa mwenzake. Nilichoka zaidi na pole zao kuliko na majibu yao. Profesa alistaafu, wakaja wakuu wa idara wengine, na wa mwisho alikuwa Dakta Halima, msichana wa Chemba niliyemsimamia tasnifu yake mimi mwenyewe. Alikuwa na tatu nukta tisa, na aliistahili.

Ni yeye aliyeniita ofisini mwaka niliotimiza sitini. Aliniamkia shikamoo, akanivutia kiti.

"Mwalimu, wamesema semista ijayo tusikuandikie barua. Ni kanuni ya kustaafu. Miaka sitini."

Kanuni za bima hazikunihusu. Za likizo hazikunihusu, wala za pensheni, wala za kupandishwa cheo. Katika kitabu kizima cha utumishi wa umma, wamepata ukurasa mmoja wenye jina langu.

"Halima, mtu anastaafuje kazi ambayo hakuajiriwa?"

"Sijui, Mwalimu," alisema, na machozi yalimlengalenga. Sikuwa na ugomvi naye. Nilimuaga, nikaondoka, na sherehe ya kuagwa haikuwepo kwa sababu fungu lake ni la watumishi.

Wiki iliyofuata Yohana alikuja nyumbani. Huyu ndiye mwanafunzi wangu wa mwisho wa uzamivu, amehitimu karibuni, na anafundisha huku na huko, hadi kwenye chuo kidogo cha Kizota. Alikuwa anang'aa.

"Shikamoo Mwalimu. Nimepewa kozi zako. Ni kwa muda tu, wanasema kibali kinakuja."

Nilimkalisha chini. Nilimweleza yote, bila kupamba. Nikamwambia arudi aseme haingii darasani mpaka apewe ajira, na asiwaonee haya.

"Nikikataa watampa mwingine, Mwalimu."

"Basi mwingine naye akatae."

Aliitikia kwa adabu, jinsi mtu anavyoitikia mzee. Jumatatu asubuhi simu yangu iliita. Alikuwa Yohana, na nyuma yake nilisikia viti vinaburutwa na kelele za mwaka wa kwanza.

"Samahani Mwalimu, nimo darasani. Zile slaidi zako za utepe wa udongo, unaweza kunitumia?"

Nikamtumia.