Kisima cha Shangazi na Mstari Uliorudi Nyuma

Afisa wa maji aliposema kisima cha shangazi yangu kina chumvi na kifukiwe, nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimesomea takwimu miaka minne, na hakuna mtu Mambrui aliyewahi kunihitaji ila simu yake ikigoma. Sasa pangekuwa na grafu.

Nilimwomba afisa asubiri mwezi mmoja, nikampa shangazi kipimo cha chumvi, kidude cha ukubwa wa kalamu, nikarudi Kilifi kazini. Kila asubuhi alikitia ndooni, akaandika tarehe na namba daftarini. Mwezi mzima hakuruka siku. Mimi, niliyemhubiria kuhusu umakini, nililichapa daftari lote kwenye kompyuta bila kulisoma: orodha moja ya tarehe, nyingine ya chumvi, amri moja ya kuchora kwa Python, lugha ya kompyuta, basi.

Siku ya uamuzi afisa alikaa barazani kwa shangazi, kahawa mkononi, nami nikafungua kompyuta kwa mbwembwe. Mstari ulikwenda kulia vizuri, kisha ukageuka, ukakata picha nzima hadi kushoto, ukaanza upya.

"Hii ni grafu au kamba ya kuanikia nguo?" afisa aliuliza.

Nilitamani ardhi inimeze. Kisima kilichotunywesha tangu bibi yangu hajaolewa kilikuwa kinafukiwa kwa ujinga wangu.

Shangazi alichungulia. "Mwanangu, kwani hapo si mwezi uliandama? Baada ya ishirini na tisa tukaingia mwezi mosi."

Alikuwa ameandika tarehe za mwezi wa angani, kama anavyohesabu kila kitu, kuanzia mimba za majirani hadi mfungo; tarehe iliporudi moja, mstari nao ukarudi kushoto. Nilifuta orodha ya tarehe, nikaacha chumvi peke yake; Python ikazihesabu siku yenyewe, tangu sifuri. Mstari ukatulia. Ulivimba mwezi ulipokuwa mpevu, ukashuka, ukavimba tena mwezi ulipoandama. Bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida na maji yake kupenya hadi kisimani. Siku nyingine zote maji yalikuwa matamu.

Afisa alikiri kwamba alipima mara moja tu, siku ya bamvua. "Basi kisifukiwe, Mama. Kifunikwe siku hizo tu."

"Siku hizo mimi hukifunika, miaka yote," shangazi alisema, akimwongezea kahawa. "Hukuniuliza."

Nikacheka. Akanigeukia.

"Wewe je, msomi? Uliniuliza?"