Gitaa Iliyozimika Sokoni

Sadrack aliingia studio ya Ramla, mtaani Tshopo, bila hodi.

"Umeua gitaa yangu! Muuza nyimbo wa sokoni iko na spika moja tu. Tunasikia mwimbaji wetu Naomie anaimba, gitaa hakuna! Muuzaji amekataa kuuza wimbo."

Ramla hakuinuka. Sadrack ndiye aliyetaka gitaa ijae masikio yote mawili, kisha akagoma kuipiga mara ya pili. Ramla akanakili ile moja, akapindua mawimbi ya nakala, ya juu yakawa chini, akaweka moja kushoto na nyingine kulia. Kwenye vifaa vya masikioni ilikuwa tamu. Ndani ya spika moja zilikutana, zikafutana.

"Bon, kosa langu ni kukutii kama mjomba, tonton, bila kujaribu kwenye spika moja. Sasa piga tena. Mapigo mawili ya kweli hayafutani."

"Miye si mwanafunzi wako!"

"Alors, piga."

Sadrack alipiga mara nne, akijikwaa palepale kila mara. Ramla alifuta nakala, akaweka gitaa ya kwanza katikati, akaifungulia kwenye spika moja kuukuu ya dirishani. Ilisikika yote.

"Imekuwa kadogo," Sadrack alinung'unika.

"Ndiyo kimo chako. Peleka sokoni."