Nguo ya Harusi Iliyochemshwa kwa Chai

Nilihudhuria harusi ya wazazi wangu nikiwa mkubwa wa kutosha kubeba mtoto mgongoni. Nikiwaambia vijana wa siku hizi hivyo, wanacheka, na wengine wananitazama kwa huruma kana kwamba nimewaaibisha wazee wangu. Wacheke tu. Miaka ile ya hamsini, kwenye mashamba ya chai ya Kericho, tulikuwa wengi tuliokula keki ya harusi ya mama zetu.

Baba alikuwa amemwoa mama zamani, kwa ng'ombe, kule upande wa Longisa. Wazee walikula, wakanywa, wakabariki. Baadaye baba akapata kazi katika kiwanda cha chai, tukahamia laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari kwa mstari, na huko mama akaanza kwenda kanisani. Alisoma mafundisho, akabatizwa. Lakini kanisa letu lilishikilia kwamba ng'ombe peke yao hawatoshi. Mke ambaye hakufunga ndoa kanisani hakuruhusiwa kula meza ya Bwana. Kwa hiyo wenzake walipoinuka kwenda mbele kupokea mkate, mama alibaki nyuma pamoja nasi watoto, akijifanya anakaza shuka la mtoto ambalo halikuwa limelegea.

Mama yangu hakuwa mtu wa kubaki nyuma. Kwenye kuchuma chai kikapu chake kilijaa mapema, na mtu akimtania alirudishiwa yake papo hapo. Kumwona ameinamisha kichwa namna ile kulinikasirisha, na mpaka leo nikikumbuka hasira inanipanda upya.

Tatizo lilikuwa baba. Hakuwa mpinzani wa kanisa, na sisi alituacha twende. Ila kusimama mbele ya watu na kuulizwa kama anamtaka mwanamke aliyemzalia watoto wanne, hilo aliliona ni upuuzi.

"Hiyo ni kama kupeleka ng'ombe yako soko ya Silibwet halafu unainunua wewe mwenyewe," alisema.

Mama hakubishana naye. Kila Jumapili ya meza alirudi nyumbani akapika kimya, na mama akinyamaza nyumba nzima ilikuwa baridi. Chakula kilikuwa kile kile kizuri, wala hakumpunguzia baba nyama. Alinyamaza tu. Baba alivumilia muda mrefu, nadhani mrefu kuliko wanaume wengi, mpaka jioni moja akaweka bakuli chini akasema, "Basi, Mama Watoto. Mchungaji akikuja tena, tutaenda." Mama alijibu, "Sawa," akamwongezea mchuzi.

Mchungaji alikuja kwetu mara chache sana, kwa kuwa alikuwa na makanisa mengi ya kuzunguka. Siku akija, yote yalifanywa kwa pamoja: ubatizo, ndoa, meza. Ukikosa, unangoja mpaka Mungu na hali ya barabara vimlete tena. Na mama alikuwa na hofu moja: baba alikuwa amekubali mara moja, na akipewa nafasi ya kufikiri upya, hatakubali mara ya pili.

Ikabaki nguo. Ya kununua haikuwezekana, na hakuna aliyepoteza muda kuizungumzia. Mama alikuwa na njia zake. Kwetu hakuna kitu kilichokufa mara moja. Suruali ya baba ikichoka magotini ilikuwa kaptura ya kaka yangu. Kaptura ikichakaa ilikuwa viraka. Viraka vikiisha nguvu vilishonwa pamoja vikawa vishikio vya sufuria. Hata jikoni ilikuwa hivyo hivyo. Ugali uliolala ulikaangwa asubuhi kwa siagi ya kienyeji, na maji yaliyochemshia maharagwe yalipikiwa mboga. Kumwaga kitu nyumbani kwetu kulihitaji maelezo.

Nguo ya harusi ilitoka kwenye mifuko ya unga wa ngano, ile ya kitambaa cheupe, ambayo mama aliipata kwa mpishi wa nyumba ya meneja kwa kumpelekea mboga na mayai. Alinifundisha kuifumua. Mfuko una uzi mmoja mrefu pembeni, na ukiujua mwanzo wake unavuta tu, mshono wote unafunguka wenyewe huku ukitoa sauti kama ya panzi. Ukianza upande usiofaa, utavuta mpaka ulie. Uzi ule ule ndio alioshonea baadaye, kwa mkono, kwa sababu cherehani tuliiona kwa fundi tu.

Kazi kubwa ilikuwa herufi. Mifuko ilikuwa na maandishi mekundu makubwa kifuani, na mama alisema haendi kusimama mbele ya madhabahu kama kilo za unga. Aliloweka vitambaa kwenye maji ya majivu, akavisugua kwa sabuni ya mche, akavitandaza kwenye majani juani. Mimi nilikaa hapo nikinyunyizia maji na kufukuza kuku. Kericho mvua haikosi mchana, kwa hiyo jua letu lilikuwa la kuibia asubuhi. Wiki kwa wiki wekundu ukawa waridi, waridi ukawa kivuli, na siku moja mama akainua kitambaa kwenye mwanga hatukuona herufi hata moja. Aliimba siku hiyo. Akakata, akashona, akaitundika nguo ukutani ikiwa nyeupe kama maziwa.

Ndipo akaja mke wa mzee wa kanisa, kiongozi wa akina mama. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikunywa chai, akasifu mshono, akageuza pindo kuangalia ndani kama wanavyofanya wanawake wanaojua, kisha akasema kwa upole, "Lakini mama, hii nyeupe ni ya wasichana. Wewe uko na watoto wanne. Watu watasema nini? Weka rangi kidogo tu, isikuwe nyeupe kabisa."

Mama alimsindikiza hadi barabarani, kama ilivyo desturi. Aliporudi alikaa kwenye kigoda akaitazama ile nguo. Weupe alioupigania kwa majivu na jua lote lile, sasa ulikuwa dhambi. Mimi nilitaka kumfuata yule mama barabarani nimwambie maneno, na kama si adabu ya siku zile ningefanya hivyo.

"Nyamaza," mama aliniambia, ingawa sikuwa nimefungua mdomo. "Rangi tutaweka."

Na sisi watu wa chai tungeweka rangi gani? Mikono ya wachumaji ilikuwa imeiva kwa chai, vikombe vyetu vilikuwa na mstari wa chai ambao mchanga haukuutoa. Kila mtu pale alijua chai ikishika kitu haikiachi. Mama aliitaka rangi ya chai ya maziwa, laini, ya heshima. Baba alikuwa na mfuko wa vumbi la chai nyumbani, lile la chini kabisa linalobaki baada ya kuchekecha. Sufuria yetu ilikuwa ndogo, nguo ingejikunja ndani na kutoka na mabaka. Jirani yetu, mama mmoja kutoka Kisii aliyependa kusaidia hata kabla ya kuombwa, akaleta chungu chake cha chuma cha miguu mitatu, kile kilichopikia sherehe za laini nzima.

"Tumia hii," alisema. "Hiyo sufuria yako ni ya uji ya mtoto."

Ijumaa jioni, siku mbili kabla ya mchungaji kufika, wakachemsha chai nzito, wakaizamisha nguo, wakaikoroga kwa mwiko. Ilianza vizuri. Niliona kwa macho yangu ile rangi ya maziwa na chai ikiingia polepole, nzuri mno. Mama angeitoa pale pale, mambo yangeishia hapo. Lakini yeye na jirani wakakubaliana kwamba rangi ya haraka hutoka haraka, heri ilale humo ishike. Wakafunika, wakaenda kulala.

Chai na chuma vikikaa pamoja vinazaa weusi. Asiyeamini aache chai yake ndani ya chungu cha chuma mpaka asubuhi aone. Sisi tulioishi katikati ya chai hatukulijua hilo, kwa kuwa hatukuwahi kuiacha chai ilale, tuliinywa. Jumamosi asubuhi mama alifunua chungu, akaingiza mwiko, akainua kitu chenye rangi ya punda.

Aliisuuza mtoni. Akaipiga sabuni. Akajaribu maji ya majivu tena, yale yaliyoshinda herufi. Rangi ilitulia vizuri zaidi, kijivu kizito kinachokaribia nyeusi, tena imeshika kila mahali sawasawa bila baka hata moja. Jirani yetu alishika kichwa akaanza kulia na kuomba msamaha kwa Kikisii. Mama hakulia. Aliitundika nguo kwenye kamba, akaenda kuoka keki, kwa sababu makaa yalikuwa tayari yamewaka na mayai hayangojei.

Keki zetu ziliokwa ndani ya sufuria, makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko, na mpishi lazima ajue kwa pua wakati wa kuyapunguza. Mama alichapa mayai siku ile kama aliyetumwa kuyaadhibu. Nilikaa kando na mtoto, nikiogopa kitu kimoja tu. Baba alikuwa zamu, na angerudi alasiri. Angeona nguo ya matanga imetundikwa nje. Angesema, bila hata kukosea, kwamba basi tungoje mchungaji aje tena. Hakuna mtu angemlaumu. Na mama angerudi kule nyuma kukaza shuka.

Baba alikuja na harufu yake ya kiwandani. Alisimama mbele ya kamba. Alishika pindo, akalinusa.

"Ni chai," alisema.

"Ni chai," mama alijibu kutoka jikoni. Hakutoka nje. Nilijua anangoja neno linalofuata, na mimi nililingoja nimefumba macho.

"Imekauka?"

"Bado kidogo."

Baba akaenda kwa jirani akaomba pasi ya makaa. Nilidhani anamletea mama. Badala yake alitoa meza nje, akatandika blanketi, akajaza pasi makaa ya keki, akaanza kupiga nguo pasi yeye mwenyewe. Tulisahau kwamba ujanani, kabla ya kiwanda, alikuwa amefanya kazi ya dobi katika nyumba ya walowezi. Alipuliza majivu, akajaribu joto kwa kidole kilicholowa mate, akaenda na mikunjo ya kiunoni mmoja mmoja. Ilikuwa saa ya watu kurudi kutoka shambani. Laini nzima ilipita. Wanaume walisimama. Mmoja akauliza kama ameajiriwa tena.

Mama alitoka, akaona, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Watoto, watu wanakuona."

"Wacha waone," baba alisema, akaugeuza mkono wa nguo.

Hapo ndipo mama alipolia. Alilia na unga mikononi, na mimi nikalia pia, kwa furaha, ingawa wakati ule sikujua kama furaha nayo huliza.

Jumapili asubuhi tulikwenda. Mke wa mzee wa kanisa alikuwa mlangoni akipokea watu. Alipomwona mama mkono ulimwendea mdomoni. "Mama, hii ni nguo ya kuzika mtu!"

"Ulisema isikuwe nyeupe," mama akamjibu. "Haiko nyeupe." Akapita ndani. Ningempigia makofi, ila nilikuwa na mtoto mgongoni.

Walikuwa jozi kadhaa mbele siku ile, wengine na watoto wakubwa kunishinda. Zamu ya baba ilipofika, mchungaji akamuuliza kama anakubali kumtwaa mwanamke huyu. "Nilishamtwaa," baba alisema. Watu wakacheka, hata waliojua kanisani hakuchekwi. Mchungaji akauliza tena, bila haraka, na baba akatazama juu kidogo, kisha akamtazama mama aliyevaa ile nguo yake ya kijivu iliyonyooka mikunjo yote. "Ndiyo," akasema. "Namtaka."

Kisha ikaja meza. Waliitwa waliostahili, na mama akainuka. Nilimwona mgongo wake ukienda mbele katikati ya wale wanawake, akipiga magoti, akinyoosha mikono iliyokwaruzwa na matawi ya michai. Hakugeuka kututazama.

Nyumbani kulikuwa na wali na nyama, mursik, maziwa yetu ya mala ya kibuyuni, aliyoleta bibi kutoka Longisa, na keki ambayo upande mmoja ulikuwa umeungua kwa sababu makaa yake yaliibwa kwenda kwenye pasi. Watu walikula mpaka ukoko. Lakini nilichokuwa ninakitaka mimi nilikipata njiani, tulipokuwa tukipanda kilima katikati ya michai na baba ametangulia na wanaume. Tangu nizaliwe nilikuwa nimetazama watu wakienda kula kile kitu ambacho mama alinyimwa, na nilikuwa na hakika hakuna utamu duniani unaokifikia.

"Mama," nikamuuliza, "ule mkate ukoje?"

Alifikiri, kama anavyofikiri mpishi akiulizwa habari ya chakula cha mwingine.

"Hawakuweka chumvi," alisema. Tukatembea kidogo. "Lakini niliutafuna polepole, usiishe."