Chai ya Chumvi Kilole

Vijana wa ofisini waliponiuliza nilisomea wapi kazi ya kujaribu programu za kompyuta, nilikuwa nawajibu: Kilole, Korogwe, uani kwa shangazi. Walicheka, nami nikawaacha wacheke, maana kompyuta ya kwanza nilikuja kuiona nikiwa mtu mzima na watoto wangu, nimeshahamia Dar es Salaam. Lakini kazi yenyewe, ile ya kukitazama kitu kinachong'aa na kujiuliza kitavunjikia wapi, niliijua tangu miaka ya Ujamaa, siku shangazi alipomjaribu mchumba wangu.

Mchumba alikuwa dereva wa trekta la kijiji, huko upande wa Handeni nilikopelekwa kufundisha. Sitaficha: nilikuwa nimependa mpaka akili imeruka. Trekta likinguruma nje, mimi niko ubaoni naandika hesabu ya kujumlisha, nasahau kuandika jibu. Watoto walilijua hilo, wakawa wanapigana viwiko. Basi akaleta posa. Baba akasema yeye hana neno, ila neno la mwisho ni la dada yake wa Kilole. Shangazi akikubali, ndoa ipo. Akikataa, basi tena, na alishawahi kukataa.

Alikuwa na namna yake ya kuwajaribu wachumba wa wasichana wa ukoo, nami nilikua nikiitazama. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini hawapi wageni chai nzuri.

"Chai nzuri kila mtu anaweza kuinywa," akasema. "Mimi nitajua nini hapo?"

Kwa hiyo alimpa mchumba kikombe kitupu, kana kwamba amesahau. Au alikijaza pomoni, kisiinuliwe bila kumwagika. Aliamini kwamba hapo katikati kila mtu ana adabu. Mtu atazamwe kwenye kitu kitupu na kwenye kitu kilichozidi. Kisha ikaja chai iliyotiwa chumvi badala ya sukari. Kisha kigoda chenye mguu mfupi. Lakini hakuvichanganya hata siku moja.

"Nikimpa chai ya chumvi juu ya kigoda kibovu," alinieleza, "halafu akaruka, nitajuaje kilichomrusha?"

Miaka mingi baadaye nilimkuta fundi mmoja kijana, mwerevu sana, amebadilisha mambo chungu nzima ndani ya programu kwa mkupuo, sasa ameshika kichwa hajui lipi limeiangusha. Nikamwambia, kigoda kwanza, mwanangu, chai baadaye. Akaniletea maji ya kunywa, akidhani nimechoka.

Shangazi alikuwa na kosa moja tu: majaribio yake yalikuwa yale yale, kwa mpangilio ule ule, kwa kila mtu. Mume wa binamu yangu, aliyekuwa na kibanda cha chai pale Mombo mabasi yanaposimama, alishayapitia yote na akageuka mwalimu. Wachumba wakawa wanapita kwake kwanza. Wangu naye alipanda basi kutoka Handeni, akapita Segera, akafika Korogwe akaitazama Kilole kwa mbali, akapitiliza hadi Mombo kufundwa. Akalala huko huku anakariri.

Somo lenyewe nililijua, maana shemeji huyo hakuweza kufunga mdomo. Kikombe kitupu kikija, sema, "Asante shangazi, hii inanitosha." Chai ya chumvi, inywe mpaka chini, tabasamu, useme imekolea. Kwenye kigoda usitikisike. Mwisho utaulizwa, "Mwanangu hajui kupika, utafanyaje?" Ujibu, "Nitapika mimi, shangazi, mpaka ajifunze." Nililisikia jibu hilo nikaona ndoa hii hapa, nimeshaishika mkononi.

Siku ya siku nikajibanza jikoni, jicho kwenye ufa wa ukuta wa udongo. Akaingia uani, shati limepigwa pasi, nywele zinameremeta mafuta, mzuri jamani! Nikajifunga mdomo kwa khanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Akakaa. Kigoda kilikuwa kizima. Nilimwona akishtuka kidogo, maana alijikaza kwa ajili ya kibovu. Kumbe shangazi alikuwa ameshaanza kunusa kitu: mchumba wa msichana aliyenitangulia alijibu habari ya kupika kabla swali halijaisha. Kwa hiyo siku ile, siku yangu mimi, akaamua kuanza na vitu vizuri na kuupindua mpangilio wote. Akaleta chai safi, ya maziwa, ya sukari, kipimo cha kawaida kabisa.

Mchumba wangu akakitazama kikombe. Akaketi wima, akatamka kwa sauti ya mwanafunzi mbele ya mkaguzi: "Asante shangazi, hii inanitosha."

"Hujaionja," akasema shangazi.

Nikauma khanga.

"Haya. Umekuja na basi gani?"

"Nitapika mimi, shangazi, mpaka ajifunze."

Shangazi akamtazama. Akaweka mkono kiunoni. "Utalipika basi?"

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, sauti ikanitoka puani. Kuku wakatimka. Uani, shangazi alikuwa amejishika kwenye mti wa kuanikia nguo, anatetemeka kwa kicheko, khanga imedondoka begani, anatoa maneno ya Kizigua ambayo mama alinikataza kuyatamka. Nami katikati ya kicheko nikaiona ndoa inaniponyoka mkononi. Imekwisha. Ataondoka na trekta lake, nitabaki nalisikia linanguruma nje ya darasa mpaka nizeeke.

Mchumba wangu akafunika uso kwa viganja. Alipoviondoa naye alikuwa anacheka, jasho linamtiririka.

"Shangazi, nimeharibu," akasema. "Majibu nilipewa Mombo. Nimeyakariri mpaka usingizini, sasa yamechanganyikana. Uliza tena, ila sina hata jibu moja."

Shangazi akajifuta macho. Akaingia jikoni akanipita kana kwamba mimi ni chungu, akamimina chai kwenye kikombe kingine, akatia chumvi kijiko baada ya kijiko. Nikamshika mkono.

"Shangazi, tafadhali."

"Niache, mwanangu. Kazi ndiyo imeanza."

Akampelekea. Yule kijana, bila somo, bila mpangilio, akapiga funda kubwa la mtu mwenye kiu. Akageuka pembeni akaitema yote mchangani.

"Shangazi! Hii ina chumvi!"

Nikajua sasa ndiyo imekwisha kweli. Wachumba wote waliokubaliwa katika ukoo waliinywa mpaka chini wakatabasamu. Lakini shangazi alikuwa amesimama tu, anamtazama kwa uso ambao sikuwahi kuuona.

"Ndiyo," akasema taratibu. "Ina chumvi."

Akachukua kikombe, akarudi jikoni, akakaa karibu nami. Nikamuuliza kama amefeli.

"Kufeli nini? Hilo ndilo jibu lenyewe. Shemeji yako kawafundisha watu jibu aliloliwaza mwenyewe, hakuniuliza mimi nasubiri nini. Wale wengine niliwaachia kwa sababu wasichana walishakata shauri, na mimi si mkatili." Akakiweka kikombe kwenye mafiga. "Mimi niliolewa na mtu aliyefaulu kila kitu. Chakula kizuri, nyumba nzuri, mke mzuri, hana lalamiko hata moja. Siku moja akasema anakwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mpaka leo sijui nilikosea wapi, maana hakuniambia."

Nilimfahamu maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kumuuliza. Nikamshika mkono tena, safari hii kwa namna nyingine.

"Kwa hiyo huyu amefaulu?"

"Hafaulu mtu, mwanangu. Nimemruhusu tu. Ana haraka, hajui kukariri, na anatema chai mbele ya wakubwa. Hizo ndizo kasoro nilizoziona mimi. Zilizobaki utazikuta mwenyewe." Akajitanda khanga yake vizuri. "Lakini huyo ukizidisha chumvi atakwambia."

Niliruka. Niliruka kweli, nikagonga kichwa kwenye boriti, nikaendelea kuruka. Shangazi akatoka uani, nikamsikia akimwita mchumba wangu, "Haya baba, sasa njoo unywe chai ya watu." Kikombe cha chumvi kilibaki pale kwenye mafiga. Nikakiinua, nikapiga funda, nikaitemea majivuni.

"Shangazi," nikapaza sauti, "chai hii ni mbaya sana!"