Faida wa Mdomo wa Lomami

Tantine Karima ana miaka sitini na minane, na kama unatafuta mama mpole wa kukubembeleza, pita nyumba ya pili. Huyu wetu alifundisha shule ya msingi miaka ishirini na miwili. Siku hizi anadarizi kofia uani, hapa Kisangani, na mimi Nuru, mtoto wa dada yake, nakaa naye na kuuvumilia ulimi wake.

Mwaka huu meli ndogo ya watalii imeanza kupanda mto kutoka Kinshasa. Inatia nanga asubuhi bandarini Makiso, wageni wanashuka, wanakwenda kuwaona wavuvi wa Wagenia, wanakula mahali, saa tisa wanaondoka. Kiongozi wao ni Merdi, mwanaume wa shati lililopigwa pasi na maneno mengi. Alikuja wiki moja kabla akapatana na tantine: wageni watakula kwetu, na meli itanunua kofia arobaini kila safari. Sharti lilikuwa moja tu. Yeye atasema, maman atapakua.

Kofia arobaini kila safari si mchezo. Paa letu linavuja, tunalala na mabeseni. Tantine alikubali, akashona mpaka vidole vikavimba.

Siku ikafika. Wazungu kumi na wawili wakakaa mkekani, magoti yanawakataa. Sasa, nyumba yetu ina desturi: mgeni hapewi sahani kabla wafu wetu hawajatajwa majina, kuanzia wa zamani kabisa, kisha fatiha. Tantine alikuwa ameshika upawa, anangoja nafasi ya kuwataja. Merdi hakumpa. Alianza kwa Kifaransa, akidhani mama huyu wa ushungi anasikia Kingwana, Kiswahili chetu cha hapa, peke yake.

"Hapa mko kwa wajukuu wa wale Waarabu waliouza watu," akawaambia. "Babu zao walichoma vijiji vya mto huu. Ukoo wao wanaujua mpaka Zanzibar."

Nilitazama kikapu cha kofia. Nikaomba kimoyomoyo, tantine, nyamaza leo tu.

Atanyamaza nani? Alifunika sufuria. "Bon," akasema, kwa Kifaransa kile cha ubaoni kilichowatoa jasho watoto wa mji huu. "Huo ukoo nitawapa mimi. Unaanza na Faida. Baba yake hatumjui. Wauza watu walimkamata akiwa mtoto, pale Lomami inapoingia mto mkubwa. Jina la Faida alipewa na waliomnunua. Akamzaa Ramla, Ramla akamzaa Madina, Madina akanizaa mimi. Zanzibar siijui hata kwa picha."

Akamgeukia Merdi, sasa kwa Kingwana. "Na weye, papa, kwenu iko wapi?"

"Isangi, maman."

Isangi iko pale pale, mdomoni mwa Lomami. Meli yao ilikuwa imetoka kupita hapo.

"Donc basi ni watu wa kwenu walimulilia," tantine akasema. "Mi niko mutoto wa kwenu. Na weye unaleta wageni, unawaambia niko mutoto wa mwizi. Taja jina yake mbele yao, kiisha nitapakua. Hautaji, chakula itabaki ndani ya sufuria."

"Maman, tulipatana."

"Tulipatana juu ya kofia. Juu ya Faida hatukupatana."

Merdi akatazama saa yake, akasema wamechelewa. Wakatoka wote. Mgeni njoo mwenyeji apone, sivyo? Mwenyeji alibaki na wali wa watu kumi na watatu na kofia arobaini. Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia, "Na paa, tantine? Ungemeza maneno tu."

"Vichwa viko vingi Kisangani," akajibu, akitunga uzi kwenye sindano. "Kofia zitapata pa kukaa. Faida ana kinywa gani kingine, kama si changu?"

Saa nane na nusu baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria, ikasimama mlangoni. Merdi akashuka peke yake, shati limelowa jasho. Nikafikiri amefuata kofia, nikanyanyua kikapu. Hakukitazama. Alisimama kizingitini kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Faida," akasema.

Tantine akaitikia kwa kichwa. Merdi hakuingia bado.

"Maman, koko, bibi yangu, anasemaka iko mutoto mwanamuke walimubeba ku mto, zamani sana. Kwetu walimungojea mpaka wakazeeka. Huyu Faida, mbele ya kununuliwa, mama yake alikuwa anamwita nani?"

Tantine aliweka sindano chini.

"Ni hiyo jina nilikuwa nangoja weye uniambie," akasema, akafunua sufuria.